Kitafunio cha Mtoto ni Darasa Lake la Kwanza

(Mazungumzo kwa kamati za elimu na vikundi vya akina mama vya vyama wanachama)



Katika vikao vya ushirika huzungumzwa bei, pembejeo, malipo ya wakulima na mizani. Ndivyo inavyostahili, kwani chama kisichoijua mizani yake hakidumu. Lakini iko mizani nyingine ambayo haimo ghalani, nayo ni ile ya kliniki, anayopimiwa mtoto wa mwanachama. Mazungumzo haya yanamhusu mtoto huyo, hasa yule ambaye hajafikia umri wa kwenda shule na ambaye hubaki nyumbani wazazi wake waendapo shambani. Yanahusu anachokula kati ya mlo na mlo, na anachojifunza kati ya asubuhi na jioni. Mambo hayo mawili, kama itakavyoonekana, hayatengani.

GHALA LIMEJAA, MTOTO AMEDUMAA

Utafiti wa kitaifa wa afya uliofanywa Tanzania mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wenye umri wa chini ya miaka mitano, 30 walikuwa wamedumaa, yaani kimo chao kilikuwa kifupi kuliko inavyotakiwa kwa umri wao. Mkoa uliokuwa na hali mbaya kuliko yote haukuwa mkoa wa ukame wala wa njaa. Ulikuwa ni Iringa, ambako asilimia 57 ya watoto hao walikuwa wamedumaa. Njombe na Rukwa ilifuata, kila mmoja ukiwa na takriban nusu ya watoto wake katika hali hiyo. Mikoa hiyo mitatu inasifika kwa mahindi na maharage, na Iringa na Njombe sasa zinasifika pia kwa parachichi linalosafirishwa hadi nchi za ng'ambo. Kwa maneno mengine, watoto waliodumaa kwa wingi ni watoto wa mikoa inayolisha wengine.

Sababu za hali hiyo ni nyingi. Yapo maradhi, yapo maji yasiyo salama, na ipo afya ya mama mwenyewe tangu akiwa mjamzito. Kudumaa huanza mapema sana, na sehemu kubwa hutokea kabla mtoto hajatimiza miaka miwili, wakati uleule ambapo ubongo wake unakua kwa kasi. Kinachopotea wakati huo ni vigumu kukirudisha baadaye. Hata hivyo iko sababu moja ambayo imo mikononi mwa wazazi: mtoto hulishwa mara chache mno, na chakula cha aina moja.

Jambo hili si geni. Kuanzia mwaka 1983 serikali, ikisaidiwa na UNICEF na Shirika la Afya Duniani kwa fedha zilizotolewa na Italia, iliendesha mpango wa lishe mkoani Iringa ulioanza katika vijiji 168. Watoto walipimwa uzito kila baada ya miezi mitatu, na wanakijiji wenyewe wakakaa kuyajadili matokeo na kutafuta sababu. Miongoni mwa mambo yaliyobainika ni kwamba mtoto mdogo alikuwa akila mara chache kwa siku kwa sababu mama alikuwa shambani, na kwamba uji aliopewa ulikuwa mwepesi, wenye maji mengi na nguvu kidogo. Utapiamlo mkali ulipungua sana katika vijiji hivyo kabla ya muongo ule kwisha. Vipimo vya wakati ule vilikuwa vya uzito, na hivi vya mwaka 2022 ni vya kimo, kwa hiyo haifai kuvilinganisha kama zinavyolinganishwa bei za misimu miwili. Lakini somo la vijiji vile halijachakaa: chakula kuwamo ndani ya nyumba si sawa na chakula kuwamo tumboni mwa mtoto.

TUMBO DOGO, MARA NYINGI

Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja hubeba chakula kisichozidi sana kikombe kimoja cha chai. Mtu mzima aweza kula ugali wa kutosha mchana akashinda nao mpaka usiku, mtoto hawezi. Ndiyo maana wataalamu wa lishe hushauri kwamba baada ya miezi sita ya maziwa ya mama peke yake, mtoto aanzishiwe vyakula vingine huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi, na kwamba mtoto wa kati ya miezi 9 na 23 apewe mlo mara tatu au nne kwa siku, pamoja na kitafunio mara moja au mbili. Waswahili husema haba na haba hujaza kibaba. Kwa tumbo la mtoto, methali hiyo ni kweli kwa maana yake halisi.

Kitafunio kinachokusudiwa hapa si biskuti, peremende wala soda. Vitu hivyo huziba njaa, huharibu meno, na humwondolea mzazi fedha bila kumjenga mtoto. Kitafunio cha kweli ni chakula kidogo kilichotoka katika shamba la mzazi mwenyewe: ndizi mbivu, kipande cha papai, kiazi kitamu, yai, parachichi, maharage yaliyopondwa, maziwa.

Pamoja na vitafunio uko uji, nao yafaa uwe mzito wenye nguvu na si maji ya moto yenye rangi ya unga. Hapo kimea husaidia. Ulezi hulowekwa usiku mmoja, ukachujwa, ukafunikwa kwa kitambaa safi chenye unyevu kwa siku mbili au tatu hadi uchipue. Kisha huanikwa juani mpaka ukauke barabara, ukapukuswa machipukizi na mizizi, ndipo ukasagwa. Mama hupika uji mzito kama ugali laini, huuepua na kuuacha upoe kidogo, kisha hutia kijiko kimoja cha unga wa kimea na kukoroga. Baada ya dakika chache uji hulainika na kunyweka bila kuongezwa maji, kwa sababu kimea huvunjavunja wanga. Mwishoni hurudishwa motoni uchemke kidogo, ili kuua vijidudu. Kwa njia hii mtoto hupata unga mwingi zaidi katika kikombe kilekile.

MKONO UNAOKULA NDIO UNAOJIFUNZA

Mtu aweza kuuliza: kama mtoto apata kiazi chake na ndizi yake, kuna haja gani ya kukipamba chakula au kukifanya mchezo? Jibu ni kwamba mtoto wa miaka miwili au mitatu hali kwa sababu ameambiwa chakula kina faida. Hula kinachomvutia, hukataa asichokijua, na huchoka upesi. Kiazi kilichofinyangwa kifaranga hukitazama, hukishika, hukitaja jina, halafu hukila. Katika dakika hizo chache amepata rangi, umbo, neno jipya na tonge la chakula, vyote kwa pamoja.

Mwaka 1907, mjini Roma, daktari Maria Montessori alipewa kazi ya kuwaangalia watoto wa mtaa wa San Lorenzo. Wazazi wao walikuwa vibarua walioshinda kazini, na watoto wale walibaki peke yao katika majengo. Alichogundua ni kwamba mtoto mdogo akipewa kazi halisi ya mikono inayolingana na umri wake, kama vile kumimina, kuosha, kupanga na kuandaa meza, hutulia na hujifunza kwa bidii bila kushurutishwa. Hali ya watoto wale haikuwa mbali na ya mtoto wa mkulima wakati wa mavuno.

Katika Tanzania, Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliiingiza elimu ya awali katika mfumo rasmi, na sera ya mwaka 2014 iliufanya mwaka mmoja wa elimu hiyo kuwa wa lazima kabla ya darasa la kwanza. Ni hatua kubwa. Lakini mtoto hafiki katika darasa la awali akiwa karatasi tupu. Miaka yote iliyotangulia amekuwa akifundishwa, ama kwa makusudi ama kwa kuachwa. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na malezi hayo ya mwanzo hufanyika jikoni, uani na chini ya mti.

MAJUMA MANNE YA MFANO

Njia rahisi ya kuunganisha chakula na mafunzo ni kulipa kila juma jambo lake moja, na kitafunio, mchezo na mazungumzo ya juma hilo vikalifuata. Mifano minne iliyo hapa yafaa kwa watoto wa miaka miwili hadi mitano, na haihitaji kununua chombo chochote.

Juma la Kuku. Viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa, ambavyo vina vitamini A kwa wingi, huchemshwa na kupondwa pamoja na karanga zilizokaangwa na kusagwa laini. Mama hufinyanga donge kubwa na donge dogo, akayaunganisha yakawa mwili na kichwa cha kifaranga. Macho hutobolewa kwa kijiti safi, na mdomo huwa ni kipande chembamba cha papai. Donge la pili humwachia mtoto afinyange mwenyewe, hata kama kifaranga chake kitafanana na jiwe. Siku nyingine huchemshwa yai, likakatwa nusu, mtoto akaona cheupe na cha njano. Hapo ndipo mahali pa kitendawili cha nyumba isiyo na mlango. Jioni kuku warudipo, mtoto huhesabu vifaranga na kusema nani mkubwa na nani mdogo, kisha hunawa mikono kwa sabuni, maana kinyesi cha kuku ni chanzo cha maradhi ya kuhara.

Juma la Mbegu. Parachichi lililoiva hupondwa na kupakwa juu ya kipande cha kiazi au cha chapati. Kokwa lake halitupwi, bali huoshwa na kupandwa nusu katika kopo lenye udongo, na kando yake hupandwa maharage matatu. Mtoto ndiye mwenye kazi ya kumwagilia. Maharage yatachipua baada ya siku chache, hali kokwa litakaa majuma mengi bila dalili yoyote. Kijiti huchomekwa kando ya mmea na kutiwa alama kila baada ya siku mbili ili mtoto aone umefikia wapi. Hayo ni mafunzo ya kipimo, na ni mafunzo ya subira pia.

Juma la Soko. Ndizi mbivu, papai na kiazi kilichochemshwa hukatwa vipande na kupangwa katika sinia kama bidhaa. Majani makavu huwa fedha. Vifuniko viwili vya makopo safi hufungwa kwa kamba katika ncha mbili za kijiti, nacho kijiti huning'inizwa katikati, ikawa mizani. Mtoto huuliza bei, huhesabu majani, hupokea bidhaa yake na kuila. Baba akiwa nyumbani hufaa kuwa karani wa mizani. Mtoto atajifunza zito na jepesi, nyingi na chache, na kusema tafadhali na ahsante. Tena mtoto wa mkulima atajua mapema kwamba mizani isiyolala sawa humwibia mtu.

Juma la Maumbo. Unga wa dona huchanganywa na boga lililopondwa na yai moja, ukafanywa vichapati vinene na kupikwa kikaangoni kwa mafuta kidogo. Kwa mdomo wa kikombe hukatwa duara, na kwa kisu cha mama hukatwa mraba na pembetatu. Duara likikatwa kati huwa mwezi mchanga. Kabla ya kula, mtoto hutafuta ndugu wa umbo lake ndani ya nyumba: mdomo wa sufuria ni duara, mlango ni mstatili, kipaa cha nyumba ni pembetatu. Kisha huchora maumbo hayo kwa kidole katika mchanga. Watoto wakiwa wawili, kichapati kimoja hugawanywa nusu kwa nusu. Wakiwa wanne, robo kwa robo.

Majuma haya yakiisha, mengine hayakosekani. Juma la mvua, juma la mwili wa mtu, juma la ng'ombe, juma la mavuno. Msimu wenyewe huleta somo. Mdoli wa gunzi, mpira wa matambara na gari la mabua ni vifaa vya kufundishia vilivyokuwapo kabla ya madukani kujaa vya plastiki.

YA KUANGALIWA SANA

Mambo manne hapana budi yaangaliwe. Kwanza, karanga nzima, punje za mahindi na mbegu ngumu zaweza kumpalia mtoto mdogo na kumwua. Karanga za mtoto husagwa, na mchezo wa kuhesabu mbegu hufanywa mtu mzima akiwa karibu.

Pili, karanga au mahindi yaliyoota ukungu yasiliwe na mtu yeyote, wala yasisagwe kwa kusudi la kuficha ukungu huo. Ukungu huweza kuleta sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, sumu hiyo iliua watu, wakiwamo watoto. Nafaka ya kulisha watoto hukaushwa vizuri na kuhifadhiwa mahali pakavu, kwa uangalifu uleule unaotumika kwa mazao ya kuuza.

Tatu, asali hapewi mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, kwa kuwa yaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo lake haliwezi kuvishinda.

Nne, na hili lawahusu wanaushirika hasa, makopo na chupa zilizokuwa na dawa za kuulia wadudu au magugu yasitumiwe kamwe kutilia unga, maji, au kuchezea. Kopo la dawa halitakati kwa kuoshwa. Chama kinachogawa dawa kina wajibu wa kuwaeleza wanachama jinsi ya kuviharibu vyombo vyake.

CHAMA KIFANYE NINI

Itasemwa kwamba mama mkulima hana nafasi ya kufinyanga vifaranga vya viazi. Neno hilo ni la haki, na halijibiwi kwa kumlaumu mama. Huamka kabla ya jua, huteka maji, hutafuta kuni, hulima, na hurudi kupika. Kumwongezea kazi nyingine peke yake ni kumwonea. Lakini viazi vya kifaranga ni vile vile vilivyochemshwa kwa ajili ya nyumba nzima, na kumfinyangia mtoto kimoja ni kazi ya dakika chache. Kilicho kigumu ni yale masaa ambayo hakuna mtu mzima nyumbani. Na hilo si tatizo la mama mmoja. Ni tatizo la wengi, na tatizo la wengi ndilo ambalo ushirika uliundwa kulitatua.

Majirani wanne au watano wakikubaliana, mmoja hubaki na watoto wa wote siku yake ya zamu, na wengine humlimia sehemu yake. Kila nyumba huleta kidogo: huyu ndizi, yule mayai, mwingine unga wa kimea. Bibi mwenye hadithi na vitendawili ni mwalimu asiyehitaji cheti. Kwa mpango huo dada mkubwa hatatolewa shuleni ili alee wadogo zake, jambo ambalo hutibu kidonda kimoja kwa kufungua kingine.

Chama cha msingi chaweza kusaidia kwa mambo madogo yanayowezekana: kuwapa kivuli na mahali safi palipo mbali na ghala la mbolea na dawa, kumwalika mhudumu wa afya apime watoto mara moja kila miezi mitatu, kutenga katika makisio ya mwaka fungu dogo la elimu kwa ajili ya shughuli hiyo, na kuyasoma matokeo ya mizani ya watoto katika mkutano mkuu, kwa jumla na bila kutaja jina la mtoto yeyote, baada ya kusomwa matokeo ya mizani ya mazao. Waanzilishi wa ushirika wa Rochdale, Uingereza, mwaka 1844, walikuwa watu wa kipato kidogo, lakini vizazi vya mwanzo vya chama chao vilitenga sehemu ya ziada kwa ajili ya elimu. Hadi leo elimu imo katika misingi saba ya ushirika duniani, na hakuna palipoandikwa kwamba elimu hiyo ianze mtu akishakuwa mzee wa kutia sahihi.

Akina baba nao wana sehemu yao. Malipo ya mazao mara nyingi huingia mkononi mwa mwanachama aliyeandikwa katika daftari, naye mara nyingi ni baba. Kuku wawili wa mayai kwa ajili ya watoto, au uamuzi wa kubakiza kapu moja la parachichi kabla lori halijaondoka, hutegemea neno lake. Kapu hilo moja halipunguzi sana malipo ya msimu. Lakini lisipobaki, mtoto wa mkulima wa parachichi hukua bila kulionja parachichi.

Basi kila chama mwanachama kinaombwa kulifikisha jambo hili katika mkutano wake ujao, kuchagua kikundi kimoja tu cha majirani, na kuanza na Juma la Kuku. Baada ya msimu mmoja mizani ya kliniki itaonyesha kama mtoto ameongezeka, na mtoto mwenyewe ataonyesha kama amejifunza, kwa kuwahesabu vifaranga bila kumruka hata mmoja.

Ushirika na uanzie kwa walio wadogo.